Nuru ya Dirisha na Taa ya Pembeni



Kuna swali ambalo kina mama wa mji huu huniuliza karibu kila niingiapo nyumba ya harusi na mizigo yangu mabegani: "Mwanangu, dirisha liko wazi, jua linawaka huko nje, na taa za nyumba zote tumeziwasha. Hiyo taa yako ya mguu ni ya nini tena?" Swali ni la haki, na aulizaye ana haki ya kujibiwa kwa utulivu, si kwa haraka ya mtu anayetega vyombo huku bi harusi akisubiri. Kwa kuwa siku ya shughuli sipati nafasi hiyo, nimeomba ukurasa huu nijibu hapa. Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake: kutiwa hina, siku ya kupamba, maulidi ya kina mama, akika, na picha za jamaa majumbani. Juu ya hukumu ya picha wapo wanazuoni, nao ndio wa kuulizwa. Mimi nazungumza na wale ambao wamekwisha kuamua kuwa picha itapigwa, na wangependa ipigwe kwa uzuri na kwa sitara.

Nianze na nyumba zetu zenyewe. Waliojenga Mji wa Kale wa Mombasa, na Lamu, na miji mingine ya pwani hii, walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, madirisha machache yenye vyuma au nakshi, na vichochoro ambavyo punda na mwenye punda hupishana kwa taabu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kutosha kuvuka mbali, chumba kikawa chembamba na kirefu. Ujenzi huo ulileta ubaridi, ukaleta na faragha. Lakini ulileta pia nuru ya namna yake: nuru inayoingia kutoka upande mmoja tu, ikiwa laini kwa sababu imekwisha kugonga ukuta mweupe wa jirani, kisha ikafifia upesi kila unapozidi kwenda ndani. Mtu akiketi hatua moja kutoka dirishani uso wake huwa kama uliochorwa. Akiketi hatua tano, amekwisha kuingia gizani.

Macho yetu hayalioni giza hilo. Tunaingia chumbani, mboni zinapanuka, na baada ya kitambo tunamwona nyanya kitandani na kuku uani kwa wakati mmoja, bila taabu. Kamera haina uwezo huo. Yeye huchagua: ama auone ua, na nyanya awe kivuli cheusi, ama amwone nyanya, na ua ugeuke karatasi nyeupe isiyo na kitu. Si ubovu wa kamera, wala hata ya bei kubwa haiwezi kuliepuka jambo hili kikamilifu. Ni tofauti ya jicho lililo hai na chombo.

Inanifurahisha kukumbuka kuwa elimu ya jambo hili imepita katika mikono ya wanazuoni wetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka wa 965 na kuishi miaka mingi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Humo alieleza kuwa jicho halitoi miali ya kwenda kukigusa kitu, kama walivyodai wengi waliomtangulia. Nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Alifanya pia majaribio ya nuru ipitayo katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Kamera ya leo, pamoja na vifungo vyake vyote, bado ni chumba cha giza chenye tundu. Kwa hivyo binti wa Kuze au wa Majengo anayeshika kamera asidhani kuwa ameshika kitu cha watu wengine.

Sasa turudi kwenye taa. Wengi wetu tunaijua flashi kwa sura yake mbaya: ile inayokaa juu ya kamera na kumpiga mtu usoni. Uso unakuwa bapa kama sahani, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, dhahabu inageuka madoa meupe, hina aliyoichora fundi kwa saa nne inapoteza kina chake, na nyuma ya bi harusi ukutani kinasimama kivuli cheusi kama mgeni asiyealikwa. Kosa hapo si la flashi. Ni la mahali ilipo. Nuru inayotoka pale pale anapotazamia mpiga picha hufuta vivuli vyote vidogo, na vivuli vidogo ndivyo vinavyolifanya jicho lijue kuwa pua ni pua na shavu ni shavu. Zaidi ya hayo, nuru hiyo huishinda nuru ya dirisha. Chumba chenye asubuhi nzuri hugeuka kuwa chumba chochote, cha saa yoyote, mahali popote.

Dawa yake ni kuiondoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni, juu ya mguu wake, ikiwa na kifaa kidogo kinachopokea amri ya kamera kwa mawimbi ya redio. Mbele yake huwekwa mwavuli mweupe ili nuru itawanyike na kulainika. Nami huiweka upande ule ule wa dirisha, au karibu nao, ili nuru yake ifuate njia ambayo nuru ya mchana imekwisha kuichagua. Mwenye kuitazama picha asijue kuwa palikuwa na taa. Aseme tu: chumba hiki kina nuru njema.

Lakini nuru mbili zikikutana zapaswa kupimwa, kama mpishi apimavyo tui zito na tui jepesi. Na hapa ndipo penye siri ambayo wanafunzi wangu huifurahia wakiielewa. Flashi ndogo, ikitumiwa kwa nguvu kidogo, huwaka na kuzima kwa muda usiofika hata 1/1000 ya sekunde. Nuru ya dirisha, kwa upande wake, inamiminika bila kukoma. Basi ukirefusha muda ambao kamera inafumbua jicho lake, nuru ya dirisha inazidi kuingia, lakini ya flashi haizidi, maana imekwisha kupita. Ukiufupisha muda huo, dirisha linafifia, flashi inabaki vile vile. Tundu la lenzi, kinyume chake, huzibana nuru zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo nina mifereji miwili mikononi: muda ni mfereji wa dirisha, na nguvu ya flashi ni mfereji wa taa.

Kazi yangu huifuata taratibu hiyo. Kwanza naizima flashi kabisa na kupiga picha ya chumba peke yake. Naupunguza muda hadi ua ule wa nje, au nakshi ya dirisha, ionekane na rangi zake. Hapo bi harusi atakuwa gizani, nami simjali bado. Kwa mfano, mchana mmoja wa kawaida nilitumia ISO 400, tundu la f/8 na muda wa 1/200 ya sekunde. Ukuta wa kichochoro nje ulionekana hata mabaka ya chokaa. Kisha nikaiwasha flashi kwa sehemu moja ya nane ya nguvu zake, mwavuli ukiwa kama mita moja na nusu kutoka usoni, nikaongeza na kupunguza hadi uso ukaja juu bila kulimeza dirisha. Iko mipaka: kamera nyingi haziwezi kwenda sambamba na flashi kwa muda mfupi zaidi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, na anayepita hapo bila mpangilio maalumu wa kifaa chake hupata ukanda mweusi upande mmoja wa picha. Lakini ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi ya kutosha kwa harusi zote za pwani.

Baada ya wingi wa nuru kuna rangi yake. Nuru ya mchana ina ubuluu. Nuru ya balbu ya manjano ya sebuleni, au ya kandili, ina uchungwa. Na flashi imetengenezwa ifanane na mchana. Ukimpiga bi harusi kwa flashi tupu katika sebule yenye balbu za manjano, yeye atakuwa na rangi ya asubuhi na wageni nyuma yake rangi ya usiku, kana kwamba wamekatwa kutoka katika picha mbili. Kipande cha plastiki laini ya rangi ya chungwa mbele ya flashi huwapatanisha. Mwelekeo nao una hekima yake. Moshi wa udi ukimulikwa kwa mbele hupotea. Ukimulikwa kwa nyuma, chetezo kikiwa mbele ya ukuta wenye giza, kila uzi wa moshi huonekana unavyopanda. Naijua nyumba moja ambako picha iliyopendwa kuliko zote haikuwa ya mtu, ilikuwa ya chetezo cha marehemu mama mwenye nyumba na moshi wake.

Yote hayo ni ufundi, na ufundi peke yake haustahili kuwachosha wasomaji. Ninayataja kwa sababu ya jambo lililo zito zaidi, nalo ni rangi za ngozi zetu.

Pwani yetu imechanganya damu za bara na bahari, na ni kawaida matumbo ya mama mmoja kutoa mtoto maji ya kunde na mtoto mweusi wa kung'aa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa nyumba moja kuwapiga picha dada wawili kabla ya mdogo kuolewa. Mdogo alikuwa mweupe, mkubwa mweusi. Mama yao alinitolea albamu ya zamani ili nione "mtindo wautakao". Niliipekua. Katika kila picha ya pamoja mdogo alikuwa anaonekana vizuri, na mkubwa alikuwa macho na meno tu. Katika picha mbili tatu mpiga picha alikuwa amejaribu kumwokoa, na mdogo akageuka mweupe kama unga. Yule mkubwa alikuwa jikoni akituandalia kahawa. Alipoleta sinia aliniinamia akaninong'oneza: "Dada, mpige mwenyewe tu. Mimi picha hazinipendi."

Neno hilo lilinikaa. Msichana amekua na albamu inayomwambia kuwa yeye ndiye mwenye kasoro, na ameamini. Wala si yeye tu. Katika enzi za filamu, kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke wa kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi za mashine zikawa zinalinganishwa na ngozi ya mwanamke huyo. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa miongo mizima, basi, kipimo cha "sura iliyotoka vizuri" kiliwekwa mbali sana na nyumba zetu. Picha haikuwa inamchukia binti yule. Hakuna aliyekuwa amempimia nuru.

Niliwaketisha mlangoni pa ua, saa kumi alasiri, asumini ikiwa nyuma yao. Ua niliupima kwa muda, kama nilivyoeleza. Kisha flashi nikaiweka upande wa dada mkubwa. Nuru ya taa hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali nayo: mwenye kukaa mita 2 hapati nusu ya anayopata aliye mita 1, bali robo. Mwenye kukaa mita 1.4 hupata nusu. Dada mkubwa nikamweka kama mita moja kutoka kwenye mwavuli, mdogo karibu mita moja na nusu, kidogo nyuma ya bega la dada yake, kama wakaavyo ndugu wanaopendana. Mkubwa akapata takribani mara mbili ya nuru aliyoipata mdogo. Sikuitafuta nuru hiyo ili kumfanya mweupe. Ngozi nyeusi uzuri wake hauko katika kupaushwa. Uko katika mng'ao wake, ule mstari wa nuru unaopita juu ya shavu na kwenye mfupa wa shingo ukionyesha umbo. Mng'ao huo hutaka nuru pana, laini, inayotoka pembeni, na weusi uliobaki uachwe uwe mweusi.

Nilipomwonyesha picha kwenye kioo cha kamera hakusema kitu. Aliigeuza kamera upande, akaitazama tena, kisha akamwita mama yake. Mama alivaa miwani. "Huyu ndiye mwanangu," alisema, kisha akanyamaza kidogo na kuongeza: "Ndivyo alivyo hasa." Picha ile haikumbadilisha binti yeyote. Ilimwonyesha alivyo kwa mara ya kwanza katika albamu ya nyumba yake. Tangu siku hiyo, khalati au shangazi akiniambia "mng'arishe kidogo bi harusi, mpunguze weusi", humjibu kwa adabu kuwa kompyuta yangu inaweza, lakini mjukuu wake atakayeitazama picha hiyo miaka hamsini ijayo atakuwa anamtazama mtu asiyekuwapo. Wengi hucheka na kukubali. Nasaha yangu kwa mama yeyote anayemkodi mpiga picha: mwombe akuonyeshe kazi yake ya watu weusi na weupe katika picha moja. Hilo litakuambia zaidi ya bei yake.

Jambo la pili lililo zito ni sitara. Siku ya kupamba, mabuibui yakivuliwa na nywele zikifunuliwa, chumba kile ni amana. Wengi wetu tumezoea kukusanya simu mlangoni, na ni vyema. Lakini wachache hufikiri juu ya taa. Usiku, ndani kukiwa na nuru kali na nje kukiwa na giza, pazia jepesi halisitiri. Flashi ikiwekwa katikati ya chumba, na wanawake wakisimama baina yake na dirisha, kila inapowaka huwatupa vivuli vyao juu ya pazia, na mpita njia huona maumbo yao kama katika sinema. Hili halitajwi katika mafunzo ya upigaji picha yanayotoka nchi nyingine, kwa kuwa walioyaandika hawakuwa na haja nalo. Dawa yake ni nyepesi. Taa ikae upande wa dirisha, ikiwapa mgongo walio nje na kuelekea ndani, ili vivuli vianguke kwenye ukuta wa ndani. Na dirisha lizibwe kwa blanketi au leso mbili zilizopandanishwa. Kabla ya wageni kuvua mabuibui, msaidizi wangu husimama nje kichochoroni, nami nawasha flashi mara tatu. Akisema haoni kitu, ndipo tunaanza.

Baada ya shughuli, picha zinabaki kuwa amana. Naandikiana na mwenye shughuli karatasi fupi: nani atapokea picha, kwa chombo gani, na mimi nitazifuta lini. Kadi ya kamera haitoki mkononi mwangu, na kusafisha picha nafanya mwenyewe au hufanywa na mwanamke ninayemwamini. Wenzangu wengine huona haya kumwandikisha mteja wa Kiislamu karatasi, wakidhani ni kumshuku. Mimi naona ni kumheshimu. Na tukumbuke kuwa nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huihesabu habari yoyote inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Sura ya bi harusi imo ndani ya hayo. Mama anayo haki ya kuuliza picha za binti yake ziko wapi, na mpiga picha ana wajibu wa kujibu.

Tukitoka nje, mizani inageuka. Maarusi wengi siku hizi hupenda picha za ufukweni pamoja na jamaa zao, wakiwa wamejistiri. Wengi huomba "picha ya jua likizama baharini", kama walivyoona katika picha za nchi nyingine. Bahari yetu iko mashariki. Jua letu huchomoza majini na kuzama bara, nyuma ya minazi. Basi mwenye kutaka jua na bahari pamoja aje baada ya alfajiri, jua likiwa nyuma ya migongo ya watu. Hapo bila taa nyuso zote zitakuwa vivuli, na flashi ya pembeni ndiyo itakayozirejesha. Jioni mambo ni kinyume: mwenye kuipa bahari mgongo huwa anaitazama nuru ya machweo, nayo humwangukia usoni kwa upole. Flashi hapo ni ya kusaidia tu, ikiwa na plastiki yake ya chungwa ili isije na ubuluu mbele ya anga nyekundu. Mchana wa adhuhuri mimi hukataa kazi ya nje nikiweza, maana kulishinda jua lililo utosini kwahitaji flashi kubwa, na watu hukunja macho.

Nuru ya jioni ina tatizo jingine ambalo wasomaji wangu wataliona mara moja. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, tofauti yake ikiwa kama nusu saa tu, na giza huingia upesi. Dakika zile bora za nuru ndizo zinazotangulia adhana ya Magharibi. Nimeona makundi yakibishana ufukweni, mmoja akivuta "picha moja tu", mwingine akiangalia saa. Hapa taa ya pembeni imenipa neema nisiyoitarajia nilipoinunua: siitegemei tena ile dakika ya mwisho. Naanza saa kumi na moja, nalipunguza jua kwa muda mfupi wa kamera, naongeza taa yenye rangi ya jioni, na picha zinatoka na utulivu wa machweo kabla machweo hayajafika. Adhana inapoadhiniwa, vyombo vimekwisha kufungwa. Nawaambia hivyo tangu siku ya kuagana, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nimalizie na neno kwa mabinti wanaotamani kazi hii. Shughuli za wanawake zinahitaji wapiga picha wanawake, na bado hatutoshi; ni riziki ya halali inayomngojea mwenye subira. Usisubiri vyombo vya thamani. Kamera iliyotumika, flashi moja yenye kurekebishwa nguvu kwa mkono, mguu wa taa, kifaa cha kuiwasha kwa mbali na mwavuli mweupe vinatosha kuanza. Huna mwavuli? Tandika shuka jeupe juu ya kamba, weka flashi nyuma yake. Ukuta uliopakwa chokaa nao ni mwavuli wa bure: ielekeze flashi ukutani, nuru irudi kwa upana.

Jifunze kwa mtungi. Mtu atachoka nawe, mtungi hauchoki. Uweke karibu na dirisha alasiri, ubavuni mwake weka birika la shaba na kitambaa cheusi. Upige bila flashi, ukibadilisha muda tu, hadi uone nje ya dirisha vizuri. Kisha weka flashi pembeni na ubadilishe nguvu tu. Kisha usibadilishe chochote ila umbali: hatua moja, mbili, tatu. Andika kila jibu katika daftari. Baada ya mwezi utaingia chumba usichokijua, utatazama dirisha, na mkono wako utajua. Birika litakufunza mng'ao, kitambaa kitakufunza weusi, na mtungi utakufunza umbo. Siku utakayopata vyote vitatu katika picha moja, bila kimoja kukimeza kingine, ndiyo siku ya kwenda kwa jirani kuomba ruhusa ya kumpiga picha nyanya yake.

Na huyo nyanya akikuuliza, kama watakavyokuuliza wote, taa hiyo ni ya nini ilhali dirisha lipo, mwambie kwa adabu kuwa dirisha linaonyesha nyumba yake, na taa inamwonyesha yeye. Nawe ungependa wajukuu wavione vyote viwili. Wabillahi tawfiq.